Mshahara wa kuanzia wa bingwa mpya wa magonjwa ya wanawake na uzazi: maswali ya wanaotaka kufanya kazi Nyanda za Juu Kusini

Maswali haya ni ya madaktari waliomaliza au wanaokaribia kumaliza ubingwa wa magonjwa ya wanawake na uzazi, na wanaofikiria kuja Mbeya, Iringa, Njombe, Songwe au Ruvuma. Wadogo zangu wa kazi huniuliza kwa simu, wengi wao wakiwa na barua ya ajira mkononi na siku chache za kuijibu. Nimejibu nikiwa upande wa anayeanza, kwa sababu mwajiri ana afisa utumishi na mhasibu wa kumtetea, na wewe unakuja peke yako.

Dokta, kwa ufupi tu, bingwa mpya anaanza na shilingi ngapi?

Inategemea anayekulipa, na kabla ya kiasi kuna jambo la kuuliza: nitaingia kwenye cheo gani na ngazi gani?

Serikalini hakuna kupatana bei. Mishahara ya watumishi wa afya hupangwa kwa ngazi za TGHS, na kila ngazi ina herufi yake na vidato, yaani hatua za kupanda, ndani yake. Daktari wa shahada ya kwanza huingia kama Daktari Daraja la II kwenye TGHS E. Bingwa huanza juu ya hapo, akiwa na cheo cha Daktari Bingwa Daraja la II. Kiasi cha kila ngazi hutoka kwenye waraka wa mishahara wa Serikali, na waraka hubadilika. Ndiyo maana unaona namba tatu tofauti kwenye makundi ya WhatsApp, na kila anayeituma anaapa kwamba ndiyo yenyewe. Mmoja anasoma waraka wa zamani, mwingine anataja mshahara kabla ya makato, wa tatu ameshachanganya na posho. Nenda kwa afisa utumishi wa halmashauri au wa hospitali unayoitaka, muombe akuonyeshe ngazi yako kwenye waraka unaotumika mwaka huu wa fedha. Ni haki yako, na humchukua dakika chache.

Hospitali za misheni na za binafsi hupanga zenyewe. Huko kiasi hujadiliwa, na anayekaa mezani bila kujua atakatwa nini huambulia kidogo.

Barua inasema milioni tatu. Mkononi nitapata ngapi?

Swali hili ndilo ninalotaka usome mara mbili. Tuchukue shilingi 3,000,000 kama mshahara wa msingi kwa sababu ni rahisi kwa hesabu. Si mshahara wa mtu yeyote ninayemjua.

Wewe ni mtumishi wa umma. Kwanza PSSSF, mfuko wa pensheni wa watumishi wa umma, wanachukua asilimia 5 yako, yaani 150,000. Mwajiri anaongeza 15 kwa upande wake. Kodi hukatwa kwenye kinachobaki, yaani 2,850,000. Kwa viwango vya Tanzania Bara, shilingi 270,000 za kwanza hazina kodi, kisha inapanda kwa asilimia 8, 20 na 25, na kila kinachozidi milioni moja hukatwa asilimia 30. Ukifika milioni moja umeshadaiwa 128,000. Ile 1,850,000 iliyozidi inakatwa 555,000. Jumla ya kodi ni 683,000.

Bima ya afya ya NHIF ni asilimia 3, sawa na 90,000. Bodi ya Mikopo, kama ulisoma kwa mkopo, inachukua asilimia 15 ya mshahara wa msingi: 450,000. Chama cha wafanyakazi, kwa mfano TUGHE, asilimia 2: 60,000.

Jumlisha makato yote: 1,433,000. Unabaki na 1,567,000.

Mwenzako mwenye mshahara uleule ambaye hana deni la Bodi wala hajajiunga na chama anabaki na 2,077,000. Mko wodi moja na zamu moja, mmepishana zaidi ya laki tano. Hakuna aliyeonewa hapo. Mmoja analipa alichokopa. Lakini usijipime kwa anachonunua mwenzako bila kujua anakatwa nini.

Ukiwa hospitali ya binafsi, badala ya PSSSF kwa kawaida kuna NSSF, mfuko wa pensheni wa sekta binafsi, nawe huchangia asilimia 10. Kwa milioni tatu hiyohiyo, 300,000 zinaondoka kabla ya kodi, kodi inakuwa 638,000, na Bodi inabaki na 450,000 zake. Unapata 1,612,000 kabla ya bima yoyote ya afya. Kwa hiyo mwajiri wa binafsi akikuambia anakulipa sawa na Serikali, muulize pia anachangia nini kwenye pensheni. Serikali inaweka asilimia 15 juu ya 5 zako. Kwenye NSSF, kwa mgawanyo wa kawaida, mwajiri anaweka 10.

Deni la Bodi litaisha lini?

Mapema kuliko unavyohofia, ukikaa kwenye ajira rasmi. Deni la milioni 20 likikatwa 450,000 kila mwezi linamalizika ndani ya miaka minne. Ile tozo ya asilimia 6 ya kulinda thamani ya mkopo, iliyokuwa inafanya deni livimbe kila mwaka, iliondolewa mwaka 2021. Ninachokusihi: kabla deni halijaisha usiende benki kuchukua mkopo wa mshahara wa miaka saba eti kwa sababu umeitwa bingwa. Kanuni inataka ubaki na angalau theluthi moja ya mshahara wa msingi, na maafisa mikopo wa benki wanajua kukufikisha palepale kwenye theluthi.

Nimerudi masomoni na cheti cha MMed, shahada ya uzamili ya ubingwa. Mbona bado nalipwa kama daktari wa kawaida?

Hili ndilo linaloniuma kuliko yote, na linawapata wengi.

Wengi wenu mlisoma ubingwa mkiwa tayari watumishi. Mlipewa ruhusa ya masomo, mshahara wa Daktari ukaendelea kuingia, miaka mitatu ikapita. Siku unaripoti kazini, hospitali inakutumia kama bingwa kuanzia saa hiyohiyo. Unaandikwa kwenye ratiba ya mabingwa, unaitwa usiku kama bingwa, wagonjwa wa rufaa wanapelekwa kwako. Lakini kwenye mfumo wa mishahara wewe bado ni Daktari Daraja la II au la I, na utabaki hivyo mpaka ubadilishiwe kada.

Kubadilishiwa kada kunahitaji vitu viwili vinavyokwenda kwa mwendo tofauti. Cha kwanza ni karatasi zako: cheti au matokeo ya chuo, na usajili wa ubingwa kutoka Baraza la Madaktari Tanganyika. Baraza likikusajili, upande wako umekamilika. Cha pili ni nafasi: mwajiri awe ameweka cheo hicho kwenye ikama (orodha ya nafasi za kazi) na bajeti ya mishahara, kisha kibali kitoke Ofisi ya Rais, Utumishi. Mwaka wa fedha unaanza Julai 1, na bajeti hupangwa miezi mingi kabla. Ukimaliza chuo na kuleta barua baada ya bajeti kufungwa, huenda ukasubiri mwaka mwingine.

Kwa hiyo usisubiri mahafali. Ukiingia mwaka wa mwisho wa MMed, mwandikie mwajiri wako barua: nitamaliza mwezi fulani, naomba nafasi ya Daktari Bingwa iwekwe kwenye ikama ya mwaka wa fedha ujao. Peleka nakala kwa mganga mfawidhi na kwa afisa utumishi, gonga muhuri wa mapokezi kwenye nakala yako, itunze. Nimeona watu wawili waliomaliza chuo siku moja, mmoja akibadilishiwa kada mapema na mwingine akisubiri muda mrefu, na tofauti yao ilikuwa barua hiyo.

Kama ulikuwa kazini muda mrefu kabla ya kusoma, angalia pia mshahara ulionao sasa. Inawezekana umeshapanda ngazi kiasi kwamba unazidi mshahara wa kuanzia wa bingwa. Hapo hushushwi, unabaki na mshahara binafsi mpaka cheo kipya kikufikie. Wengine hushtuka kuona cheo kimepanda na shilingi haijasogea. Sababu ni hiyo.

Tarehe ya kuanza kulipwa ni ile iliyoandikwa kwenye barua ya kubadilishwa kada. Isome siku unayoipokea. Ikikosewa, pinga siku hiyohiyo kwa maandishi, kwa sababu madai ya malimbikizo yana safari yake ndefu.

Mei Mosi 2025 ilitangazwa nyongeza ya asilimia 35.1. Je, na sisi mabingwa?

Nyongeza ile ilihusu kima cha chini cha mshahara wa umma, kutoka 370,000 hadi 500,000 kuanzia Julai 2025. Wa ngazi za juu huongezewa pia, ila kwa asilimia ndogo zaidi. Mwaka 2022 tulishaona somo hilo: ilitangazwa asilimia 23.3, watu wakapiga hesabu kwenye mishahara yao yote, na Julai ilipofika wengi wakafungua hati za mishahara kwa mshtuko. Usipange kodi ya nyumba kwa asilimia iliyosomwa jukwaani. Kitu cha kufuatilia ni nyongeza ya mwaka ya kidato, ambayo Serikali ilitangaza kuirejesha mwaka 2023 baada ya kusimama kwa miaka kadhaa, na kupandishwa daraja kwa wakati.

Serikali au misheni?

Kanda yetu ina hospitali za makanisa zenye historia ndefu. Ikonda iko Makete, Ilembula Wanging'ombe, Tosamaganga Iringa, Peramiho Ruvuma, Chimala Mbarali, Igogwe Rungwe, Matema kule Kyela ukingoni mwa Ziwa Nyasa. Upande wa Serikali kuna Hospitali ya Rufaa ya Kanda Mbeya na kitengo chake cha wazazi cha Meta, hospitali za rufaa za mikoa, na hospitali za halmashauri.

Serikalini unapata uhakika wa ajira, pensheni iliyo bora na ngazi inayojulikana. Kipindi cha majaribio ni miezi 12, kisha unathibitishwa. Unapata pia nafasi ya kusomea ubobezi kwa ufadhili, ukiwemo ule wa Serikali unaobeba jina la Rais Samia.

Misheni hutofautiana sana. Zipo zinazokupa nyumba ndani ya eneo la hospitali, umeme na maji, na hilo ni pesa hata kama haliandikwi kwenye mshahara. Zipo ambazo hospitali ni teule ya halmashauri na baadhi ya watumishi wake hulipwa na Serikali, kwa hiyo muulize mapema: mshahara wangu utatoka mfuko gani? Kama ni wa hospitali yenyewe, sehemu kubwa ya mapato huwa ni madai ya bima na fedha za wagonjwa, na yakichelewa, mishahara nayo huchelewa. Waulize watumishi wa chini, wahudumu na wauguzi, mwezi uliopita walilipwa tarehe ngapi. Watakuambia ukweli kuliko ofisi.

Kwa bingwa mpya kabisa, mimi ningependa aanze miaka miwili ya kwanza mahali penye bingwa mwingine wa fani yake. Unapofungua tumbo na kukuta kondo limepenya hadi kwenye kibofu, mshahara mkubwa haukusaidii kitu. Unahitaji mtu wa kusimama mbele yako upande wa pili wa kitanda. Ukiwa bingwa pekee wilaya nzima ukiwa bado mbichi, utalipwa vizuri na utachoka haraka.

Posho ya kuitwa usiku inalipa?

Inasaidia. Hailingani na kazi.

Mabingwa wa ngozi na wa uzazi wanaweza kuwa ngazi moja ya mshahara. Usiku wao haufanani. Saa nane usiku simu inaita: mama ameletwa kutoka kituo cha afya, ana kovu la upasuaji wa zamani, uchungu umemshika tangu jana asubuhi, mkojo una damu, mapigo ya mtoto hayasikiki. Mbeya mwezi wa saba usiku ni baridi ya kukata, unavaa koti juu ya nguo za kulalia. Unafika, dereva wa ambulensi bado anageuza gari, mtaalamu wa usingizi yuko njiani, damu ya kundi lake iko chupa moja. Kizazi kimepasuka. Unatoka thieta kumekucha, na kliniki ya asubuhi ina foleni imefika nje ya mlango.

Utafiti wa Afya ya Uzazi na Mtoto wa 2015/16 ulionyesha vifo vya wajawazito 556 kwa kila vizazi hai 100,000. Ule wa 2022 ukaonyesha 104. Sehemu ya kupungua huko ilifanywa usiku, na wakunga, madaktari, watu wa usingizi, na mabingwa waliotoka kitandani. Naamini kabisa kwamba posho ya kuitwa ya idara ya uzazi inastahili kuangaliwa peke yake, na kulipwa mwezi huohuo.

Wewe kwa sasa uliza mambo haya: tuko mabingwa wangapi kwenye ratiba? Posho inalipwa kwa usiku uliopangwa au kwa usiku ulioitwa? Inatoka mapato ya ndani ya hospitali au ruzuku? Ililipwa mara ya mwisho lini? Ratiba ya usiku mmoja kati ya miwili hula mwili hata posho ikiwa nene.

Sheria inasemaje kuhusu saa za kazi?

Kwa ajira za binafsi na misheni, Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 inaweka saa 45 kwa wiki, saa za ziada kwa mara moja na nusu, na nyongeza ya asilimia 5 kwa kila saa ya usiku kati ya saa mbili usiku na saa kumi na mbili asubuhi. Angalia mkataba wako: ukiandikwa kama kiongozi wa idara, baadhi ya vifungu hivyo vya saa havikuhusu. Ndiyo maana bingwa mpya hupewa haraka cheo cha mkuu wa idara yenye daktari mmoja.

Nasoma kwamba Marekani bingwa wa uzazi anaanza na dola laki tatu kwa mwaka. Tunaibiwa?

Takwimu za serikali ya Marekani zimekuwa zikionyesha wastani wa zaidi ya dola 270,000 kwa mwaka kwa mabingwa wa fani yetu. Huo ni wastani wa wote, wakongwe na wapya. Na daktari wa kule amesoma shahada ya kwanza, kisha miaka minne ya udaktari, kisha minne ya ubingwa, na wengi hutoka na deni la elimu linalokaribia dola 200,000. Bima ya makosa ya kitaaluma kwa mabingwa wa uzazi ni miongoni mwa zilizo ghali zaidi. Uingereza bingwa kamili huanza na zaidi ya pauni 100,000 kwa mwaka, baada ya mafunzo ya ubingwa ya miaka saba juu ya miaka miwili ya mwanzo.

Tofauti bado ni kubwa, sitaificha. Lakini MMed yako haikufungulii mlango Marekani moja kwa moja: utafanya mitihani yao na kwa kawaida utarudia mafunzo ya ubingwa. Uingereza kuna MRCOG, mitihani ya chuo chao cha mabingwa wa uzazi, na usajili wa baraza lao. Mwenye nia hiyo aanze mitihani mapema, wala asione haya. Madaktari wa nchi hii walishadai haki yao kwa sauti. Mgomo wa 2012 ulikuwa na dai la mshahara wa kuanzia wa milioni 3.5. Kutaka kulipwa vizuri hakukufanyi umpende mgonjwa kidogo.

Naweza kufungua kliniki jioni?

Baada ya usajili wa ubingwa, kwa kituo chenye leseni, na kwa kibali cha mwajiri wako kama ni mtumishi. Hospitali nyingi kubwa za Serikali zina kliniki za kulipia za jioni ndani ya hospitali yenyewe, ambako bingwa hupata mgawo. Anza hapo. Kumuelekeza mgonjwa wa wodi ya Serikali kwenye kliniki yako ni kosa, na mji kama Iringa ni mdogo, habari inafika Gangilonga kabla hujafika wewe.

Mimi ni mwanamke na natarajia kujifungua mwaka huu. Niseme kwenye usaili?

Hulazimiki. Likizo ya uzazi kwa sheria ya 2004 ni siku 84 zenye malipo, na 100 kwa mapacha. Mwajiri anayesita kumwajiri daktari wa wazazi kwa sababu naye ni mzazi, dada, umemjua mapema.

Mshahara utatosha kuishi huku?

Chakula ni nafuu: mchele wa Kyela na Mbarali, viazi vya Njombe, maharage, ndizi za Tukuyu. Ghali ni kuni, mkaa au gesi ya kupasha nyumba moto Makete, na nauli ya kwenda kuona familia kama iko mbali. Nyumba karibu na hospitali ni bora kuliko nzuri ya mbali, kwa sababu ya simu za usiku. Ukiajiriwa Serikalini mara ya kwanza, dai posho yako ya kujikimu na nauli kabla hujaanza kukopa kwa watu.

Wakiniuliza kwenye usaili nataka shilingi ngapi, nijibuje?

Taja kiasi cha mkononi, kisha waombe wao wakipandishe hadi mshahara wa msingi. Ukisema "nahitaji 1,800,000 mkononi baada ya makato yote, pamoja na la Bodi", umewapa kazi ya hesabu na umejilinda. Kisha omba haya yaandikwe kwenye barua: mshahara wa msingi, posho ya nyumba au nyumba yenyewe, malipo ya kuitwa usiku na yanavyohesabiwa, mgawo wa upasuaji kama upo, mfuko wa pensheni, na muda wa notisi. Wakisema "tutaelewana ukishafika", waambie kwa upole kwamba utafika barua ikishakamilika. Na ukishaipata, nitumie picha kabla hujasaini, nitakusomea.